Shawa ya umeme au boila? Angalia kwanza joto litazaliwa wapi

Kila ifikapo Juni, baridi ya Arusha ikianza kuuma, naulizwa swali lile lile na majirani, na ndugu, na watu waliomaliza kujenga karibuni: nifunge shawa ya umeme au ninunue boila? Wengi wao huwa wameshachagua kabla ya kuuliza. Shawa ya umeme wameiona dukani kwa bei ambayo boila haiwezi kuifikia, na muuzaji kawahakikishia kwamba "hii haili umeme kabisa". Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na jibu langu ni kwamba wasilipe kwanza. Kabla ya bei na jina la kampuni, nataka kujua kifaa hicho kitavuta ampia ngapi, na nyaya zilizomo ukutani ni nene kiasi gani. Anayechagua hita anachagua mkondo wa umeme utakaopita ndani ya kuta zake kila asubuhi kwa miaka kumi ijayo.

Tuelewane majina. Shawa ya umeme ni kile kichwa cha shawa chenye koili ndani yake: maji yanapashwa moto yakiwa yanapita, hayahifadhiwi popote. Boila ni tangi la lita 30, 50 au 80 linalofungwa ukutani au darini, lenye koili na thamostati, linalopasha maji taratibu na kuyatunza.

Vyote viwili vinatumia kanuni moja, na kanuni hiyo iligunduliwa kwa kupasha maji. James Prescott Joule, kijana wa familia ya watengeneza bia huko Salford, Uingereza, alitumbukiza koili za waya ndani ya vyombo vya maji, akapitisha umeme, akawa anasoma kipimajoto. Mwaka 1841 alichapisha alichokiona. Joto linalozaliwa kwenye waya huongezeka sawasawa na ukinzani wa waya huo, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, lakini kwa upande wa mkondo huongezeka kwa mkondo kuzidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Emil Lenz kule St Petersburg alifikia jibu hilo hilo kwa majaribio yake mwenyewe. Nikiona shawa ya umeme bafuni kwa mtu, huwa naona chombo cha Joule kimening'inizwa ukutani.

Sasa, kanuni hii haichagui mahali. Joto linazaliwa kwenye koili, tunakolitaka, na linazaliwa pia kwenye waya uliopita ukutani, kwenye skrubu ya breka, kwenye jointi iliyofichwa darini, kwa sababu mkondo ni ule ule njia nzima. Koili inapata moto mkali wakati waya unabaki vuguvugu kwa kuwa koili ni ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao ukinzani wake unaupita wa shaba zaidi ya mara 60, na juu ya hapo ni nyembamba. Ukiupa waya wako ukinzani usiotakiwa, kwa kuuweka mwembamba au kwa kuufunga vibaya, unautengenezea koili ya pili mahali pasipo na maji.

Hizi hapa namba za vifaa viwili ninavyokutana navyo zaidi, kwa volti 220:

| | Shawa ya umeme | Boila la lita 50 |
|---|---|---|
| Nguvu | wati 5,500 | wati 1,500 |
| Mkondo | ampia 25 | karibu ampia 7 |
| Kusubiri maji | hakuna | zaidi ya saa moja na nusu |
| Waya wa shaba (milimita za mraba) | wa 6 (wa 4 kwa umbali mfupi) | wa 2.5 |
| Breka | ampia 32 | ampia 16 |
| Joto linalobaki ukutani, waya wa 2.5, mita 15 | wati 139 | wati 10 |

Mstari wa mwisho ndio unaonisumbua, kwa hiyo nautolea hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa omu 7.4 hivi kwa kila kilomita. Kutoka kisanduku cha breka hadi bafuni tuseme ni mita 15. Kwenda na kurudi ni 30, yaani omu 0.22. Zidisha kwa 25 mara 25, unapata wati 139. Boila, kwa ampia zake karibu 7, linaacha wati 10 hivi tu kwenye waya ule ule. Mkondo wa shawa ni karibu mara tatu na nusu ya ule wa boila, lakini joto ukutani linakaribia mara 13. Weka waya wa 4, wati 139 zinashuka hadi 86. Weka wa 6, zinabaki 58. Ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70, na waya uliobanwa na wenzake watatu ndani ya paipu moja kwenye ukuta wa zege hauna pa kupumulia.

Nyumba nyingi ninazoitwa zilisukwa waya wa 2.5 kwenda bafuni, kwa soketi au taa, kisha miaka mitano baadaye mtu anafunga shawa ya umeme juu ya waya huo huo. Breka ya ampia 20 inakata katikati ya kuoga. Badala ya kubadili waya, anabadilishiwa breka, anawekewa ya 32, na kweli haikati tena. Hapo ndipo roho yangu inapouma. Breka haikuwekwa kuilinda shawa. Iliwekwa kuulinda waya. Na inaulinda kwa kanuni ile ile ya Joule: ndani yake kuna kibamba cha metali mbili zilizoshikamanishwa, mkondo unapita humo, kibamba kinapata moto, kinajipinda kwa kuwa metali moja inatanuka kuliko nyingine, kinafyatua. Kimepimwa kijipinde kabla waya haujaumia. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, waya unaanza kuiva wakati breka bado haijaona tatizo.

Waya wenyewe lakini si adui mkubwa. Adui ni jointi.

Mwaka mmoja niliitwa na mama mmoja mtu mzima, nyumba yake ya vyumba vitatu, akilalamika harufu. Nilimkuta ameshika ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna panya kafia darini, na wewe ndiye mwenye ngazi."

Harufu ilikuwa kweli ya kitu kilichooza, kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Nikamuuliza huwa inasikika saa ngapi. Akafikiri kidogo, akasema asubuhi wajukuu wakioga, na jioni. Panya aliyekufa hana ratiba. Nikazima meinswichi, nikapanda. Juu ya dari ya bafu nyaya mbili za 2.5 zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, bila konekta. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika, ikaganda kama lami kwenye ubao wa dari. Ganda la waya lilikuwa limekauka kwa urefu wa kiganja. Nilipolikunja lilivunjika vipande kama ganda la yai. Shaba yenyewe ilikuwa nyeusi, na pembeni imeingia rangi ya zambarau. Ubao chini yake ulikuwa umeanza kuwa kahawia. Ile harufu ya samaki ndiyo harufu ya plastiki nyingi za umeme zinapopata moto kupita kiasi, na tangu siku hiyo kila mteja wangu namwambia aijue.

Jointi mbovu haihitaji ukinzani mkubwa. Chukua omu 0.1 tu, kitu kidogo ambacho hata mita za bei rahisi hazikipimi vizuri. Kwa ampia 25 ni wati 62, na zote zinazaliwa mahali padogo kama punje ya mahindi. Kile kifaa cha kulehemia risasi wanachotumia mafundi redio mara nyingi ni cha wati 40 hadi 60, kwa hiyo umeacha kimoja kinawaka juu ya dari yako. Kwa ampia 7 za boila, jointi ile ile inazaa wati 5. Na uovu wake ni kwamba unajilisha: ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, kila kuogwa inalegea zaidi na shaba inaota kutu nyeusi, ukinzani unapanda, joto linapanda. Boila linakusamehe kosa la fundi kwa miaka mingi. Shawa ya umeme haisamehi.

Ndiyo maana, nikifunga shawa ya umeme, waya ni mmoja mzima kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye swichi yake, na skrubu nazirudia kuzikaza baada ya wiki chache. Waya nanunua mwenyewe au naenda dukani na mteja. Kuna waya sokoni ambao juu ni rangi ya shaba na ndani ni aluminiamu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Kwangua ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe, urudishe.

Sasa lile dai la "haili umeme". Maji hayana upendeleo. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja inataka nishati ile ile, iwe ndani ya tangi, kichwa cha shawa, au sufuria. Mimi natumia kipimo rahisi: uniti moja ya umeme inapandisha lita 860 kwa nyuzi moja. Kwa hiyo lita 34 kwa nyuzi 25, au lita 10 kwa nyuzi 86. Koili zote hizi zinageuza karibu umeme wote kuwa joto, hakuna iliyo na ujanja. Anayekuuzia hita inayopasha maji yale yale kwa nusu ya umeme kwa koili ya kawaida anakudanganya.

Kinachotofautisha bili ni mambo mengine. La kwanza ni kasi ya maji. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika inapandisha maji nyuzi 26: ukianza na nyuzi 18 unaoga kwa 44, raha kabisa. Ukifungua bomba hadi lita 5 kwa dakika, kupanda kunashuka hadi 16, unaoga kwa 34 na kunung'unika kwamba hita ni mbovu. Yaani shawa ya umeme inakulazimisha uoge kwa maji kidogo, na uwekevu wake unatoka hapo. Boila halikulazimishi chochote. Lita 50 zilizofikia nyuzi 60, zikichanganywa na maji baridi ya nyuzi 18 kupata 42, zinatoa lita 87 hivi. Kwa kichwa cha shawa kinachomwaga lita 9 kwa dakika, kijana mmoja anazimaliza peke yake ndani ya dakika kumi, na anayefuata anapiga kelele. Ukinunua boila, nunua na kichwa cha shawa kinachobana maji.

La pili ni joto linalovuja. Boila likiachwa limewaka mchana kutwa linapoteza joto kupitia kuta zake, na kwa tangi la lita 50 karibu uniti moja kwa siku ni hesabu ya kawaida. Dawa yake ni swichi, au saa ya kuwashia: liwashe saa mbili kabla ya kuoga, lizime.

Chukua familia ya watu wanne, kila mmoja dakika 8 chini ya shawa ya wati 5,500. Ni uniti 0.73 kwa mtu, karibu 3 kwa siku, 88 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la hadi uniti 75 kwa mwezi, kila uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, kuoga peke yake kumeshamtoa nje ya kundi. Uniti za ziada zinahesabiwa kwa 350 kila moja. Boila linalowashwa na kuzimwa kwa nidhamu, na maji yakibanwa, litakaa karibu na hapo hapo. Kwenye LUKU, basi, kati ya viwili hivi hakuna mshindi wa kutangazwa. Kwa familia ya namna hii ningependekeza kwanza ndoo: lita 12 kwa nyuzi 25 ni uniti 0.35, nusu ya shawa. Ila zisipashwe kwa ile koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo, ambayo watu huonjea maji kwa kidole ikiwa bado imewaka. Pasha kwa birika la umeme, uchanganye.

Kuna jambo la umeme kushuka, na hili wauzaji hawalisemi kabisa. Ukinzani wa koili haubadiliki sana, kwa hiyo volti zikishuka mkondo unashuka nao, na joto linaanguka kwa sababu ya vyote viwili. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 220, ikipata volti 180 saa moja jioni mtaa mzima ukipika, inatoa wati 3,700 hivi. Volti zimepungua chini ya moja ya tano. Joto limepungua theluthi. Mteja ananipigia kusema koili imekufa, kumbe ni umeme. Boila likipata volti 180 linachelewa tu, halafu linafika kwenye nyuzi zile zile. Kama mtaa wenu uko mwisho wa laini na taa hufifia jioni, hoja hii peke yake inatosha kukupeleka kwenye boila.

Na mwenye jenereta ndogo, au sola yenye inveta ya kilowati 3, asifikirie shawa ya umeme hata kidogo. Boila la wati 1,500 linaweza kuwashwa saa sita mchana jua likiwa kali na maji yakamsubiri hadi jioni.

Presha ya maji niseme kwa ufupi: shawa ya umeme ina kiwambo kinachosukumwa na maji ndipo iwake, kwa hiyo tangi la juu likiwa halijainuka vya kutosha juu ya shawa, haitawaka au itawaka na kuzima. Maji ya chumvi nayo yanaleta tabu kwa koili iliyo wazi ndani ya maji, kwa kuwa umeme kidogo unavuja kupitia maji yenyewe. Tafuta ile yenye koili iliyofunikwa. Na hapa sina mzaha: bila waya wa ethi uliofika kweli ardhini, na bila breka inayohisi umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, usifunge. Nimekuta breka hizi zimeondolewa kwa sababu "zinakatakata". Zilikuwa zinakata kwa sababu mtu alikuwa anaoga na umeme.

Mimi nachagua hivi. Mpangaji wa chumba na bafu lake, mtu mmoja au wawili, kisanduku cha breka hakifiki mita kumi, umeme wa mtaa uko imara: shawa ya umeme, waya mpya wa 6, na asikubali kutumia waya wa soketi uliokuwepo. Njombe, ambako maji ya alfajiri yanaweza kuwa nyuzi 12, hata hiyo atalazimika kubana bomba. Dar es Salaam, maji yakitoka kwenye tangi la juu yakiwa nyuzi 27, sioni sababu ya wati 5,500. Ya nusu yake inatosha, na siku nyingi hata hiyo haiwashwi.

Nyumba ya familia yenye mabafu mawili ni boila, sibishani. Shawa mbili zikiwaka pamoja asubuhi ni ampia 50. Ongeza birika la ampia 9 na pasi ya ampia 5, na meinswichi ya 60 imepitwa huku kila skrubu kati ya mita na kisanduku ikipata moto. Boila ni ghali zaidi, mara mbili au tatu, na linataka paipu yake ya maji ya moto. Lakini linaishi na nyaya za 2.5 ambazo tayari unazo, na anayejenga sasa hivi akipitisha paipu hiyo kabla ya plasta gharama ni ndogo. Likishafungwa, kila baada ya mwaka au miwili lifunguliwe koili isafishwe chokaa, maana koili iliyovaa ganda la chokaa inaungua ndani ya ganda lake.

Chochote ulichofunga, siku ya kwanza fanya hivi. Washa, acha maji yatiririke dakika kumi. Kausha mikono, nenda kwenye kisanduku cha breka, na bila kufungua kifuniko gusa uso wa breka ya hita kwa mgongo wa vidole, kisha gusa ya jirani yake. Ikiwa na uvuguvugu kuliko mwenzake, ni kawaida. Ikikufanya uondoe vidole, zima hapo hapo na umrudishe fundi kabla hajafika mbali.